Nilivyompeleka mzee kwenye mashimo ya kale ya dhahabu Busia, tukaosha mchanga kwa karai (uzi mrefu)

#1 Binti wa Reli

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nitauleta kwa vipande kwa sababu niko kwenye simu, na huku Jinja leo umeme unakuja na kuondoka. Naomba mnivumilie.

Baba yangu ana miaka 79. Alifanya kazi reli pale Tororo mpaka akastaafu, na Kiswahili cha nyumbani kwetu ni cha stesheni, cha watu waliotoka Mombasa, Kisumu na Kampala wakakutana kwenye foleni ya mshahara. Baba yake, yaani babu yangu, alichimba dhahabu Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, enzi za Mwingereza, kabla baba hajazaliwa. Hakuacha hata karatasi moja. Aliacha kikohozi ambacho baba anakikumbuka mpaka leo, na jina la mahali: Tiira.

Mwaka jana mzee aliugua, akalala hospitali wiki mbili. Siku ya kumtoa, tukiwa bado kwenye benchi tunasubiri dawa, akaniambia, "Nikipata nguvu nataka nikaone lile shimo." Hakusema shimo gani. Sikuuliza, nilijua.

Basi mwezi uliopita tulikwenda. Mimi, mzee, na binti yangu wa darasa la sita. Tuliona shimo, na tukaosha dhahabu kwa mikono yetu. Naandika kwa sababu nilipotafuta maelezo kabla ya safari sikupata mtu aliyeeleza kwa Kiswahili mgeni afanye nini akifika, alipe nini, aogope nini. Nakuja.

#2 Mtoto wa Malaba

Tupo dada, tiririka. Mzee mpe shikamoo yangu.

#3 Binti wa Reli

Marahaba, imefika.

Njia ni ile ile ya Iganga na Bugiri. Ukifika Namutere, barabara ya Tororo inaendelea mbele, ya kwako inakata kulia kushuka Busia. Busia watu wanaijua kwa malori na forodha, na kwa boda boda, maana jina lenyewe lilizaliwa pale, vijana wa baiskeli wakinadi "boda, boda" kuvusha abiria kutoka upande huu mpaka ule. Wengi wanapita bila kujua kwamba nje kidogo ya mji huo, chini ya mihogo na wimbi (ulezi), kuna dhahabu iliyoanza kuchimbwa tangu miaka ya 1930.

Mwamba wa pale hauko peke yake. Ni ukanda wa mawe ya kale sana, zaidi ya miaka bilioni 2.5, unaotoka Geita kule Tanzania, ukapita Migori na Kakamega, ukaingia kwetu Busia. Dhahabu imekaa kwenye mishipa ya jiwe jeupe, kwatzi, inayopenya katikati ya mwamba wa kijani. Ndiyo maana dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, macho yakageukia huku pia.

Jambo la kwanza nililolifanya ni kumpigia mtu wa huko ninayemfahamu sokoni, naye akanipeleka kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Tafadhali, msiruke hatua hii. Mashimo yale yako kwenye mashamba ya watu, wengine wana leseni, wengine wana vikundi, na mgeni anayezunguka na simu mkononi akipiga picha anadhaniwa ni dalali au ni mpelelezi. Mwenyekiti alitukaribisha vizuri, akatuuliza tunatafuta nini. Mzee akamjibu mwenyewe: "Natafuta alipofanya kazi baba yangu." Yule bwana akanyamaza kidogo, halafu akainuka, akachukua kofia yake, akasema twende.

#4 Bukhungu

Dada, kabla hujaendelea nichangie, maana mimi niko Kakamega na hadithi hii ni yetu sote. Watu husahau kwamba mpaka mwaka 1902 huku kwetu kulikuwa Uganda! Jimbo la Mashariki la Uganda ndilo lilihamishiwa Kenya mwaka huo. Kwa hiyo ukisema babu alivuka kwenda na kurudi kutafuta kazi ya mgodi, hakuwa anakwenda nchi ya watu.

Aliyeipata dhahabu ya Kakamega ni Mmarekani, L. A. Johnson, mwaka huo huo uliousema, 1931. Walowezi wengi walikuwa wamebanwa na bei mbaya ya mazao wakati ule, wakamiminika na mahema. Mwaka 1932 serikali ikabadilisha sheria iliyokuwa imetungwa miaka miwili tu nyuma kulinda ardhi ya wenyeji, ili ardhi ya dhahabu iweze kutolewa bila wenyewe kupewa nyingine badala yake. Wazee wetu hawajaisahau hiyo. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, na mpaka leo kina mama wanaosha mchanga pembezoni mwake. Ukija huku nitakuonyesha.

#5 Binti wa Reli

Asante sana, ndugu yangu wa Bukhungu. Hiyo ya 1902 nimemsomea mzee, amefurahi kweli.

Sasa shimo. Tulitembea kama nusu saa, pole pole kwa ajili ya miguu ya mzee, tukipita kati ya mihogo. Mwenyekiti alitutangulia na fimbo, na kila mara alikuwa anatuambia tumfuate nyayo kwa nyayo. Nilidhani anatuogopesha bure mpaka alipoinua tawi moja la kichaka nikaona giza. Shimo wazi, upana wa mlango, halina ukuta wala kamba, majani yameota pembeni mpaka yamelifunika. Alitupa kokoto. Nilihesabu mpaka mbili na ushee ndipo nikasikia maji. Binti yangu akanishika mkono na hakuniachia mpaka tulipofika tulipokuwa tunakwenda.

Sehemu ya zamani tuliyoonyeshwa imebaki msingi wa saruji wenye vyuma vinne vimesimama, vimeliwa na kutu, na mfereji uliojaa udongo, na shimo kubwa ambalo wenyeji wamelizungushia miiba ili ng'ombe wasitumbukie. Ni hivyo tu. Hakuna kibao, hakuna jina. Mwenyekiti alisema kwamba wazee wa kijiji waliwaambia hapo ndipo mashine ya Mzungu ilipokaa, na vibarua walikuwa wanashuka kwa ngazi za miti.

Mzee alisimama akiwa ameshika kile chuma kimoja. Sikumsemesha. Baadaye akasema, "Huyu mtu alikuwa anashuka humu akiwa na miaka ishirini." Akatazama chini kwenye miiba, akavua kofia.

Nikisoma habari za migodi ya zamani kwingine huwa naona majengo, makumbusho, watu wanakata tiketi. Hapa kuna vyuma vinne. Na vyuma vikuukuu tunajua vinakoishia: siku moja atapita mtu na msumeno, kesho yake viko kwenye mizani.

#6 Mtoto wa Malaba

Hapo kwenye kofia nimesimama kusoma kidogo. Endelea dada.

#7 Binti wa Reli

Kuosha sasa. Hapa nitakaa.

Kutoka pale tulishuka bondeni kwenye mwalo, mahali pa kuoshea. Kuna dimbwi la maji ya rangi ya chai ya maziwa, mbao za mteremko zilizotandikwa magunia, na kina mama kama tisa. Mashimoni wanashuka wanaume zaidi, lakini mwaloni ni wanawake, wengine na watoto mgongoni. Mwenyekiti alitukabidhi kwa mama mmoja wa makamo, kitambaa chekundu kichwani, mikono imekauka na kupasuka kwa kukaa majini. Anaosha tangu akiwa msichana, mama yake naye aliosha hapo hapo.

Tulikubaliana kabla ya kugusa kitu: nitamlipa siku nzima ya kazi yake kama mwalimu, pesa taslimu, na dhahabu yoyote itakayoonekana ni yake. Nilimpa shilingi 40,000 za Uganda. Alisema siku nyingine hapati hata nusu ya hiyo, siku nyingine anapata zaidi.

Kumbe kazi inaanza mbali na maji. Jiwe jeupe linapondwa, kwa karasha (mashine ya kupondea mawe) kama ipo au kwa nyundo kama haipo, halafu linasagwa mpaka linakuwa unga. Dhahabu yenyewe huioni. Nilichukua jiwe moja nikaligeuza juani mpaka macho yakauma, hakuna kitu, jiwe jeupe lenye madoa ya kutu. Yule mama akaniambia hayo madoa ya kutu ndiyo wanayoyapenda.

Akatia unga kwenye karai, vibaba kama vitatu, akaongeza maji, akaanza kuukanda kama unga wa chapati. Alisema udongo wa mfinyanzi lazima uyeyuke wote, maana ukibaki donge moja, dhahabu inajificha ndani yake na kuondoka nalo. Maji machafu anamwaga, anachota mengine. Akakanda tena. Mara tatu. Halafu akaanza kuzungusha.

Karai linazama nusu kwenye dimbwi, limeinama upande wa mbele kidogo tu. Viganja viko pembeni, viwiko vimebanwa mbavuni. Anazungusha, anasimamisha ghafla, anaachia maji yachukue tabaka la juu, anazungusha tena. Mchanga mweupe unaondoka kidogo kidogo ukingoni kama uji unaofurika. Hakuna haraka. Mimi nilipojaribu nilimwaga nusu ya karai kwa mkupuo mmoja. Akanirudisha mwanzo, akanishika mikono kutoka nyuma, tukazungusha pamoja.

Hapo ndipo mzee, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe, akasema kwa sauti: "Hivyo ndivyo baba alivyokuwa anaosha wimbi!"

Mnaojua wimbi mnajua mchanga wake. Nyumbani kwa babu, kabla ya kusaga, wimbi lilikuwa linatiwa kwenye kibuyu kilichokatwa, maji yanaongezwa, kinazungushwa. Wimbi linapanda juu, linamwagwa upande wa pili pamoja na maji, vijiwe vinabaki chini. Mzee anasema watu walikuwa wanashangaa kwa nini mwanamume anafanya kazi ile, na anaifanya vizuri kuliko mkewe. Babu hakuwahi kueleza. Miaka sabini mzee ameibeba picha hiyo bila kujua ni nini. Aliinuka kwenye jiwe, akakunja suruali, akaomba karai.

#8 Binti wa Reli

Umeme umerudi, namalizia kipande hiki.

Mwishoni unabaki na mchanga mweusi, kijiko kimoja hivi. Huo ni mzito, hautaki kuondoka. Yule mama akatoa sumaku ya spika mbovu ya redio, ameifunga ndani ya kavera (mfuko wa plastiki), akaipitisha juu. Nywele nyeusi zikaruka na kushika kwenye kavera. Akaivua sumaku ndani yake, mchanga ukaanguka chini. Ufundi safi sana, na haukumgharimu shilingi.

Kilichobaki akakitia maji kama ya kifuniko cha chupa, akainamisha karai, akaligonga ubavuni kwa kidole cha kati. Tap, tap, tap. Mchanga ukasogea. Nyuma yake, kama mkia, zikabaki chembe. Tulizihesabu na binti yangu: saba. Kubwa kuliko zote ilikuwa kama kichwa cha sindano. Rangi yake haina mwanga wa kumetameta kama tunavyodhani, ni njano tulivu, na ni ile ile ukiitazama juani au ukiikinga kwa kiganja. Akaziweka kwenye kimizani chake cha mfukoni. Hakikusoma kitu.

Mzee aliosha makarai manne. La nne alipata chembe mbili. Hakuzigusa, alizitazama tu mpaka maji yakakauka pembeni yake.

#9 Mwalimu wa Namutumba

Hongera dada, na hongera kwa mzee. Mimi nafundisha fizikia, naomba niongeze sababu, ili vijana wanaosoma wajue ule mzunguko si uchawi.

Lita moja ya maji ina kilo moja. Lita moja ya mchanga wa kwatzi, kama ungekuwa jiwe moja, ingekuwa na kilo 2.65. Ule mchanga mweusi unaoshikwa na sumaku ni kama kilo 5.2. Dhahabu safi ni kilo 19.3. Chupa ya soda ya nusu lita ikijaa dhahabu inakaribia kilo kumi! Kwa hiyo ukitikisa karai ndani ya maji, kila kitu kinapangana kwa uzito, na dhahabu inakwenda chini kabisa. Kazi ya mikono ni kuondoa tabaka la juu bila kuvuruga la chini.

Kuhusu mizani: wachimbaji wanapima kwa pointi, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Tuseme mwamba una gramu 5 kwa tani, na huo ni mwamba mzuri. Ndoo ya kilo 20 ya unga wake ina pointi moja tu, tena kama hujapoteza chembe. Vibaba vitatu vya dada haviwezi kusoma kwenye mizani. Ukijua hesabu hii huwezi tena kumtazama mama wa mwaloni vile vile.

Na kwa wanaodanganywa na jiwe la njano linalometameta: ligonge kwa nyundo. Dhahabu inabapa. Pairaiti, lile jiwe la njano linalofanana nayo, inavunjika vipande. Maika, vile vigamba vyembamba vinavyong'aa, yenyewe inaelea na kuondoka na maji kabla hata hujafika kwenye mchanga mweusi.

#10 Kivuli cha Mwembe

Samahani dada, mimi nitasema linalonikera. Mnakwenda kutazama watu masikini wanavyoteseka, mnapiga picha, mnarudi Jinja. Wale kina mama wanafanya kazi ile kwa kukosa nyingine. Leo mkiigeuza kuwa matembezi ya wikendi, kesho kampuni ya utalii itawaweka wavae ngozi wacheze ngoma. Mama yangu aliosha dhahabu. Hakuna mtu aliyemwita mwalimu.

#11 Binti wa Reli

Ndugu yangu, nimesoma maneno yako mara mbili, na sikujibu jana kwa sababu nilitaka kwanza nizungumze na yule mama. Nilimpigia asubuhi. Nilimuuliza moja kwa moja kama alijisikia vibaya sisi kwenda. Alisema kilichomuuma ni watu wanaokuja kwa gari, wanampiga picha, hawamsalimu, na picha inatumika kuombea pesa ambazo hazimfikii. Kuhusu sisi alisema hajawahi kulipwa kwa kuonyesha anachokijua, amezoea kulipwa kwa kinachobaki kwenye karai. Maneno yake hayo.

Umesema hakuna aliyemwita mama yako mwalimu. Mimi hapo ndipo ninaposimama. Mambo yote niliyoyaona kule, vyuma, shimo, msingi, hayanifundishi kitu kama sina mtu wa kunishika viwiko. Ujuzi umekaa mikononi mwa wanawake wale, na ulikaa kwenye mkono wa babu mpaka akauhamishia kwenye wimbi, na hatukuujua kwa sababu hatukuuliza. Kama kuna kitu cha kutembelea Tiira, ni huo. Mtu akienda, aende akalipe ujuzi, siku nzima, kwa bei ambayo mwenye nao ameitaja mwenyewe. Ngoma na ngozi nitakuwa wa kwanza kukataa pamoja nawe.

Naomba siku moja utuandikie jinsi mama yako alivyokuwa anaosha. Kila mwalo una mkono wake.

#12 Kivuli cha Mwembe

Nimekusikia dada. Mama aliosha kwa besheni ya plastiki, alisema karai la bati linakwaruza na kuficha chembe. Nitaandika.

#13 Geita Mwalo

Salaam kutoka Geita. Huku mawe yenye dhahabu tunaita mbale, mchanga ulioshaoshwa tunaita marudio, na marudio hayatupwi, yanarudiwa tena na tena. Swali langu kwa dada ni moja: zebaki, ile metali ya majimaji yenye sumu. Uliona? Maana bila kulizungumza hilo uzi huu haujakamilika. Nina shemeji yangu mikono inatetemeka hawezi kushika kikombe.

#14 Binti wa Reli

Pole sana kwa shemeji. Ndiyo, niliona, na nilitaka kuliweka peke yake.

Jioni, dimbwi la pili, kijana mmoja alikuwa anaikanda zebaki ndani ya besheni kwa mikono mitupu. Inashika dhahabu, inakuwa donge laini la rangi ya fedha, linakamuliwa kwenye kitambaa, halafu linachomwa ili zebaki iondoke kwa mvuke na dhahabu ibaki. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, jiko la mkaa linatosha. Mvuke wake haunuki wala hauonekani vizuri, na ndio unaoingia kwenye mapafu mpaka kwenye ubongo. Mama akanivuta mkono, akaniambia nimtoe mtoto upande unakoelekea upepo. Tuliondoka papo hapo.

Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2019, na Sheria ya Madini ya mwaka 2022 imekataza zebaki katika uchimbaji. Sheria hiyo hiyo imemtambua mchimbaji mdogo na kumwekea leseni yake, jambo ambalo halikuwapo vizuri zamani. Lakini mwaloni zebaki bado ipo kwa sababu inaharakisha, na mtu mwenye njaa hana muda.

Mbadala upo. Wachimbaji wa Benguet kule Ufilipino waliosha mpaka mwisho kabisa kwa uzito peke yake, halafu wakayeyusha kile kijiko cha mchanga pamoja na boraksi (unga mweupe kama chumvi), dhahabu ikajikusanya chini bila zebaki. Inadai kuosha kwa umakini zaidi, yaani mkono kama wa yule mama. Na kwetu mashariki mwa Uganda, kikundi cha Syanyonja kiliwahi kupata cheti cha Fairtrade, cha biashara ya haki, kwa dhahabu yake. Kwa hiyo hakuna wa kuniambia kwamba watu wetu hawawezi.

Mgeni ana nguvu hapa kuliko anavyodhani. Ukifika, sema kabla ya kulipa: nataka nifundishwe bila zebaki. Mimi ningesema hivyo mapema, nisingekuwa na mtoto karibu na lile besheni. Kosa hilo ni langu, na mpaka sasa linanisumbua.

#15 Lubaale 2012

Nasoma kimya tangu juzi. Nilikuwa Mubende, miaka ile dhahabu ilipofumuka. Tulikuwa na mji mzima kule porini, hoteli za mabanzi, saluni, sinema za video, makanisa. Nilikuwa na karasha mbili na watu kumi na wanne. Agosti 2017 tukaambiwa tuondoke, tukapewa saa chache. Niliondoka na begi la nguo. Karasha sikuziona tena.

Nikirudi leo hakuna kitu cha kumwonyesha mwanangu, majani tu na mashimo. Ndiyo maana naunga mkono dada. Vile vyuma vinne vya Tiira viwekewe hata kibao cha mbao. Sisi wachimbaji tunahama na kufukuzwa, baadaye hata sisi wenyewe tunashindwa kuonyesha tulipokuwa.

#16 Mtoto wa Malaba

Pole sana kaka.

#17 Nyota ya Kusini

Nimekaa Afrika Kusini miaka sita, dereva wa malori. Nilifika Pilgrim's Rest, kule Mpumalanga. Dhahabu ilipatikana mwaka 1873, na kijiji chote, nyumba za mabati na duka na posta, kimehifadhiwa kama kilivyokuwa. Wageni wanaosha mchanga kwa sahani za chuma mtoni, watoto wanapiga kelele wakiona chembe.

Marekani nako, North Carolina, mwaka 1799, mvulana wa miaka 12, Conrad Reed, aliokota kitu cha njano kwenye kijito cha shamba lao. Kilikuwa na uzito wa kilo 7 na nusu na zaidi. Familia ikakifanya kizuizi cha mlango kwa miaka mitatu! Baba mtu akaja kukiuza kwa sonara, mwaka 1802, kwa dola 3 na nusu. Leo shamba hilo ni makumbusho ya serikali na watu wanakwenda kuosha.

Ila kuna jambo. Kwenye baadhi ya migodi ya kitalii ya huko, mgeni anauziwa ndoo ya mchanga wenye vito, rubi na ametisti na garneti, na vito hivyo vimenunuliwa kwingine vikachanganywa ndani makusudi ili kila mtoto apate kitu. Sasa dada, kwetu ingefaa? Mtoto asipopata kitu analia.

#18 Binti wa Reli

Nimeipenda ya mlango, nimewasimulia nyumbani wote.

Kuhusu kuchanganya vito, mimi ningekataa. Binti yangu alipata chembe saba halisi, hazikusoma kwenye mizani, na tangu siku hiyo anaizungumzia bei ya pete ya dhahabu kwa namna nyingine kabisa. Aliniuliza kwenye basi, "Mama, pete yako ni makarai mangapi?" Tukapiga hesabu ya mwalimu wa Namutumba kabla hata hajaiandika, kwa vidole. Pete yangu ina gramu tatu. Hiyo ni pointi thelathini, yaani ndoo thelathini za mwamba mzuri, zilizopondwa, zikasagwa, zikakandwa, zikazungushwa. Angepewa rubi ya kununuliwa, swali hilo lisingekuja.

Mambo ya mwisho kwa wanaotaka kwenda, maana inboksi imejaa:

Anzeni kwa mwenyekiti, nimeshasema. Msinunue dhahabu mwaloni, hata pointi moja, hata ukiambiwa ni zawadi ya kumbukumbu. Katiba yetu, kifungu cha 244, inayaweka madini mikononi mwa serikali kwa niaba ya nchi, na kununua na kuuza dhahabu kunahitaji leseni. Zaidi ya hapo mgeni ndiye anayeuziwa shaba. Jirani yangu alipoteza milioni mbili kwa vumbi la vitasa.

Viatu vya kufunika, buti za mpira ni bora, na msiingize miguu kwenye dimbwi kama mna kidonda. Ndani ya shimo msishuke. Hata ukiambiwa ni salama, hata ukiona vijana wanashuka wakiimba. Matimba yanayozuia udongo ni miti ya msituni na mvua za Aprili haziyaonei huruma. Mkienda Januari au Februari njia ni kavu. Chukueni maji yenu ya kunywa.

Na mwenye babu aliyefanya kazi migodi ya zamani, Busia au Buhweju au Kigezi, ajaribu Entebbe. Idara ya Jiolojia ipo pale tangu 1919, na wale Waingereza waliandika sana, ramani na ripoti za kila mwaka. Majina ya vibarua sitarajii kuyakuta, ila nataka mzee aione ramani yenye lile shimo. Nimeshaandika barua.

#19 Bukhungu

Dada, mmeturudisha mbali. Sisi watu wanne wa Kakamega tunataka kujiunga safari nyingine. Na mwalimu wetu wa zamani wa kuosha tunaomba aje pia akutane na yule mama, waone nani ana mkono mwepesi. Mnakwenda lini?

#20 Kivuli cha Mwembe

Nami nije, kama nafasi ipo. Nitamleta mama.

#21 Binti wa Reli

Nafasi ipo, na mama yako ndiye atakayekaa mbele kwenye gari.

Nimezungumza na mwenyekiti na yule mama. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, tukutane Namutere saa tatu asubuhi, pale wanapouza rolex (chapati ya kukunjwa na mayai), halafu tushuke pamoja. Walimu wa kuosha watakuwa watatu, bei ni ile ile kwa kila mmoja, na wamekubali siku hiyo dimbwi lote litakuwa bila zebaki. Lubaale 2012 ameahidi kuleta kibao. Maneno yake tutayaandika pale pale, mzee akiwa amesimama.

Mzee amekwenda sokoni leo peke yake bila kuniambia, amerudi na karai jipya. Amelipeleka nyuma ya nyumba, amelipaka mafuta, na sasa hivi ninavyoandika anazungusha wimbi ndani yake.